Haikuwa Mikono Yako, Fundi Karamat

Fundi,

Haikuwa mikono yako. Naanza na hilo kwa sababu ulikwenda kaburini bila kuambiwa, na kwa sababu mimi, ninayewaandikia wahariri wa nchi hii kila wiki kuhusu pasipoti zetu na dhuluma zao, nimechukua miezi minne kukuandikia wewe.

Nyumbani kwako mlisema Kipunjabi, kwangu Kigujarati. Lakini karakanani kwako Nakuru tuligombana kwa Kiswahili, na barua hii ni ugomvi.

Lile koleo la fataki ulilopewa na klabu ya shabaha liko hapa mezani kwangu, Tottenham. Mkeo alinikabidhi pamoja na vifaa vyako vingine. Wiki nzima nimelilaani. Kazi yake ni moja tu: kuisukuma fataki, kile kikombe kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, mpaka ikae sawasawa katika kitako cha ganda la risasi. Basi. Wewe uliifanya kazi hiyo miaka ishirini kwa koleo lako kuukuu, fataki moja moja, bila kelele. Hili lina kisahani cha kubebea fataki nyingi kwa mpigo. Unakitikisa ili zigeuke. Nusu zinageuka, nusu zinabaki kichwa chini. Unafunga kifuniko, unabana mpini, kifuniko kinaruka, fataki zinatawanyika hadi chini ya jiko. Mke wangu amegoma. "Nazir, mimi sifagii baruti yako. Siku ufagio ukilipuka, wewe utakaa uandike makala." Zile zinazokubali kushuka zinaingia ubavu. Mpini umepimwa kwa kiganja cha jitu. Ganda linacheza katika kishikio chake kama jino bovu. Na mtu aliyelibuni analala usingizi!

Wala halikuwa hitaji lako. Ulikuwa na lako. Tulipoingia London, tukikimbizana na sheria iliyokuwa ikitufungia mlango usoni, hakuna aliyetaka fundi bunduki wa Nakuru. Ukapanga biskuti kwenye maboksi. Kisha klabu ile ikagundua kwamba risasi ulizojaza wewe zinakwenda zinakotumwa, na kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege mtu akakuita Bwana Karamat. Krismasi wakakupa koleo jipya, limefungwa utepe mwekundu. Ukasema, "Zawadi ya mtu hairudishwi kabatini." Ukalifungia lako ndani ya kopo la biskuti kwa ajili ya heshima yao. Nami nikashangilia. Nakumbuka maneno yangu yote, kwa bahati mbaya. "Litumie, Fundi. Wasije wakasema Wahindi wa Afrika tumekuja na ukale wetu."

Mimi ndiye niliyesema hivyo, mimi ninayewatukana wenzetu kwa kujipendekeza.

Kisha Jumamosi ile kabla ya mashindano ya klabu, katika banda lako nyuma ya nyumba. Ulikuwa unapitisha kidole gumba juu ya vitako vya maganda, kama ulivyonifundisha: kidole kwanza, jicho baadaye. Ukasimama. "Hii imesimama juu, Nazir. Kidole yangu nasikia." Nikacheka. Nikakuambia kifaa kimepimwa na mainjinia, kidole chako kimepigwa na baridi. Ulinitazama kidogo. Mimi ndiye niliyesoma, si ndiyo? Ukaweka ganda lile pamoja na mengine.

Siku ya mashindano bunduki ziligoma mara tatu. Kliki, kimya. Wakagonga mara ya pili, zikalia. Fundi, mwanafunzi wako yeyote analijua jambo hilo! Fataki isiyozama hadi chini hulimeza pigo la kwanza kwa kuzama tu. La pili ndilo linaloiwasha. Nilijua palepale. Lakini katibu wa klabu akasema, kwa ile sauti yao ya kumfariji farasi, kwamba mikono ya mzee imechoka. Wote wakanigeukia mimi, msemaji wako. Ukanigeukia na wewe.

Nikakoroga chai.

Ningesema kwamba nilitafuta maneno, ningekuwa mwongo. Maneno yalikuwepo. Niliona haya tu kuwa mtu wa kulalamikia zawadi yao. Wiki iliyofuata wakabandika karatasi ubaoni: wanachama wasitumie tena risasi zilizojazwa na Bwana Karamat. Bado ipo. Nimeiona juzi, pini nne, kama amri ya serikali.

Baada ya hapo ukawa unatembea na mikono mifukoni, hata ndani ya nyumba. Nilidhani ni baridi. Majuzi Salma, binti yako, aliniambia, kwa Kiingereza chake cha shuleni, kwamba ulikuwa unamwomba akumiminie chai kwa sababu uliogopa kuiangusha. Hukuwahi kuangusha kitu, Fundi. Hata kimoja.

Sasa sikiliza. Nilichukua maganda ishirini matupu, bila baruti, bila risasi. Kumi nikayatia fataki kwa koleo lako la kopo la biskuti, kumi kwa la utepe mwekundu. Nikafumba macho, nikapitisha kidole. Lako: yote laini kama kaunta. Lao: manne yamesimama juu. Nikalifungua. Kile kichuma kinachosukuma fataki kimepinda, na kilitoka kiwandani hivyo, maana alama za mashine iliyokichonga zimefuata mpindo wake. Kidole chako kiliona kwa kugusa kitu ambacho mainjinia hawakukiona kwa miwani.

Jumapili nakwenda klabuni. Nitayapanga maganda yote ishirini mezani mwao, na kila mmoja atapitisha kidole chake, katibu kwanza. Lakini kabla ya kuwasema wao, nitaanza na langu: kwamba uliniambia, nikakucheka; kwamba nilijua, nikakoroga chai. Nimezoea kuanza na makosa ya wengine, hii itaniuma. Kisha karatasi ile itatoka ubaoni kwa mkono wa aliyeibandika. Siondoki pale kabla haijatoka.

Koleo lako si langu tena. Salma amelitaka. Msichana huyu uliyemsemesha miaka yote akakujibu kwa Kiingereza, alisimama mlangoni kwangu jana akasema kwa Kiswahili, "Mjomba, nipe koleo ya Baba." Nikampa na kopo lake.

Kwa heri, Fundi wangu. Toa mikono mifukoni.

Nazir