Televisheni Nimepata, Macho ya Kuitazamia Sina

Alhamisi, Oktoba. Masama. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima umejifunika gubigubi kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Leo nimeunganisha huduma ya televisheni mimi mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, na wala sikuogopa kitu. Katika ukoo wetu wote hakuna mzee mwingine anayeweza.

Haya, nafuta. Aliyeunganisha ni Zuhura, yule mama mwenye duka la vifaa vya umeme kule Njoro. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kushika kofia. Na kuogopa niliogopa, mpaka akaniuliza kama nina malaria.

Usinicheke kwanza, wewe unayesoma daftari hili. Ngoja nikueleze ninachokiogopa, halafu ukipenda ucheke.

Mjukuu wangu Prospa, mtoto wa binti yangu Anjela, yuko chuoni Amerika. Alichukuliwa kwa ajili ya kurusha tufe. Walipomwona mwili wakasahau tufe, wakamvisha kofia ngumu na mabega ya bandia, wakamwingiza kwenye ule mpira wao wa kushika mikononi, wenye umbo la papai changa. Papai lenyewe Prospa haligusi. Kazi yake ni kusimama mbele, na wakishapiga filimbi anagongana na wanaume wenye uzito wa ndama. Dakika inayofuata, tena. Na tena. Jezi yake ni namba sabini na mbili.

Wiki tano zilizopita mtu alinitumia video. Wanaume wanarundikana kama magunia ya kahawa ghalani. Wanainuka mmoja mmoja. Sabini na mbili haamki. Watu wawili wanakuja mbio, wanapiga magoti kando yake, mmoja anamshika kichwa kwa mikono miwili.

Video ikaishia hapo.

Nilikaa saa mbili na ile simu. Sijui nilifanya nini katika saa hizo mbili. Najua tu kwamba ndoo ya maziwa niliikuta baadaye juu ya paa la banda la kuku, na mtu wa kuipandisha pale ni mimi peke yangu.

Halafu Prospa akapiga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Shingo?"

"Ipo babu. Ndiyo inashika kichwa."

Mtu anayejibu hivyo akiwa kitandani hospitalini, lawama ni za nani? Ni zangu. Utani huo kauchukua kwangu, kama alivyochukua masikio.

Waganga wao wakamweka nje ya uwanja. Sasa wamempima, wamemruhusu. Jumamosi hii anarudi. Mechi inaanza mchana kwao, kwetu saa moja jioni. Juzi kaniuliza, "Babu, utanitazama?" Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, maana kusema ndiyo kwangu ni ugonjwa.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Naiandika haraka kabla sijageuza mawazo.

Anjela alimkataza mwanawe asicheze mchezo ule. Alikataa kabisa, akalia. Kwetu mtoto akikataliwa na mzazi anaweza kwenda kwa babu, na babu akimbariki, mlango unafunguka. Prospa akanipigia. Simu ilinikuta kilabuni, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, jirani yangu Baba Kunda kando yangu na watu kama kumi wananisikiliza. Unajua nikiwa na watu kumi nakuwaje. Nikavuta mbege mdomoni, nikamnyunyizia palepale kwenye kioo cha simu, kama wazee wanavyowanyunyizia vijana. Nikasema kwa sauti ya padre, "Nenda ukacheze. Shingo yako iwe gogo la mringaringa!"

Watu wakapiga makofi. Simu ikafa siku mbili. Mimi nikacheka wiki nzima.

Shingo. Mwili mzima wa mtoto ule nimepewa nichague, miguu, mabega, mgongo, mimi nikataja shingo.

Anjela hajui kwamba aliumia. Na bibi yake, mke wangu, hajui. Yuko Dar kwa Anjela tangu mwezi wa nane, anatibiwa macho, na daftari hili haliwafikii. Prospa kaniomba nisiseme, nami nikakubali, ile ndiyo yangu tena. Kwa hiyo katika ukoo huu mwenye jicho la kumtazama ni mimi tu. Nikiona shingo inakwenda visivyo, nitampigia nimwambie neno langu nimelirudisha, aache. Kumngoja aniambie kwenye simu ni bure. Atasema ndiyo inashika kichwa.

Basi nikaanza kutafuta pa kutazamia. Siyo kazi ndogo, na usidhani ni kwa sababu niliishia darasa la nne.

Kuna televisheni ya waya, ile wanayovuta mjini kutoka nyumba hadi nyumba. Waya huo kupanda Masama hauna habari. Unaishia mjini kama mkwe mwenye viatu vipya. Kuna king'amuzi changu cha dishi juu ya bati. Michezo kinayo, Waingereza wapo kutwa kucha, lakini papai la Waamerika hulionyesha kwa nadra, tena vile vyuo vikubwa vyenye uwanja kama mji. Chuo cha Prospa ni kidogo. Mwaka mzima ningemsubiri.

Kuna huduma moja kubwa ya huko huko kwao, ya kwenye intaneti, ina kila kitu. Nikajisajili. Ikaniuliza naishi mji gani wa Amerika. Mtu akanipa ujanja wa kuifanya simu ijifanye iko huko. Nikajifanya. Nilikaa Amerika kama dakika nne hivi, ng'ombe akilia nyuma yangu, halafu mashine ikaandika kwamba huduma haipatikani mahali nilipo. Imenitambuaje? Nadhani ni ng'ombe.

Na kuna zile za bure. Hizo sizisemi sana, mke wa Baba Kunda husoma humu. Nilibonyeza mahali palipoandikwa mechi, akatoka mwanamke asiye na nguo za kutosha kwa baridi yetu, halafu nikaambiwa nimeshinda gari na nitaje namba za benki. Nilizima simu, nikaitia ndani ya debe la mahindi.

Mwisho nikapata programu ndogo, inaonyesha vyuo vidogo tu, na inauzwa hata kwa sisi wa nje. Siku saba za kwanza bure. Nikaifungua Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, na saa moja nikatazama mechi yao. Prospa nilimwona kidogo sana, ameketi benchi na koti, anatafuna kitu. Nikaigusa televisheni. Mtu mzima na mvi zake, naigusa televisheni.

Leo ndiyo nikashuka kwa Zuhura anisaidie mtandao, maana kwangu intaneti hupatikana vizuri kwenye banda la ng'ombe kuliko sebuleni. Akanipa kile kidude cha laini chenye mlingoti mdogo, akasema nikiweke dirisha linaloangalia Kwa Sadala, kwenye mnara wa simu. Akanifundisha kushusha ubora wa picha, kwa sababu mechi zao huchukua saa tatu na zaidi, na picha kali hula bando kabla hata hawajapumzika. Halafu akaishika simu yangu na kuikodolea macho.

"Babu, hizi siku saba ulizianza lini?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili jioni."

"Na mjukuu anacheza saa ngapi?"

"Jumamosi hii, saa moja."

Akahesabu kwa vidole. Ndipo nami hesabu ikaniingia. Zile siku zinaisha saa kumi na mbili, saa nzima kabla Prospa hajaingia uwanjani.

"Si ungeacha uje uzianze siku yenyewe, babu? Wiki iliyopita si alikuwa benchi?"

"Nilionja."

"Ulionja?"

"Kwetu mwenye mbege huonja kwanza yeye, ndipo ampe mgeni, mgeni aone haina sumu. Nimeonja wiki moja kabla ya mgeni wangu."

"Babu, hii siyo pombe."

"Wewe mtoto wa Kiislamu, pombe utaijulia wapi? Tengeneza."

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikacheka naye. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kingine, nami nimekibeba kutoka Njoro mpaka hapa mezani.

Nilifurahi.

Nilifurahi kwamba itakatika. Nikajisemea, basi, Jumamosi sitatazama, na kosa siyo langu, ni la siku saba. Kumbe wiki hizi zote nilikuwa sitafuti televisheni. Nilikuwa natafuta televisheni itakayonikatalia. Kila mlango uliofungwa nilirudi nyumbani nikilalamika kwa sauti na kupiga mluzi kimoyomoyo. Waya, dishi, Amerika ya dakika nne, yote ilikuwa migomba ya kujificha.

Zuhura hakujua. Akatengeneza kadi ndani ya simu, akalipia mwezi kwa hela zangu mwenyewe, akanirudishia huku anatabasamu. Dakika kumi hazikufika.

"Tayari, babu. Sasa hakuna cha kukuzuia."

Mama huyu ni mwema, na sijawahi kuambiwa neno baya kama hilo.

Nikamuuliza swali moja nikiwa mlangoni. Hii moja kwa moja, ni moja kwa moja kweli? Akasema karibu. Picha inasafiri, inazunguka, inachelewa kidogo, inaweza kufika dakika moja. Alisema kama jambo dogo.

Nimelifikiria njia nzima. Nikimwona anaanguka, ameshaanguka. Nikipiga kelele, kelele yangu inamkuta kitu kimekwisha. Ninapomwona amesimama, yeye yuko dakika moja mbele, mahali ambapo mimi sijapaona, na huenda pale hajasimama. Hata nikikaa na simu mkononi kumwambia neno langu nimelirudisha, nitakuwa nalirudisha kwa mtu wa dakika iliyopita.

Sasa hivi kidude kiko dirishani, kinawaka taa ya kijani. Nimewasha nijaribu. Picha ni safi kabisa. Nimejaribu kutazama timu nyingine nisizozijua, vijana wa watu wengine. Waliporundikana mara ya kwanza niligundua nimesimama na mgongo wangu uko kwenye televisheni, natazama kalenda ya parokia.

Mara ya pili, vilevile.

Mzee wa miaka hii. Nimezika wazazi, nimezika ndugu watatu, nimechinja mbuzi wasio na hesabu. Rundo la vijana kwenye kioo linanigeuza kama chapati.

Kwa hiyo nimeamua. Ahadi niliyompa mtoto siivunji. Televisheni itawashwa, na mtu atatazama, na mimi nitakuwa mahali pa kusikia. Ila macho ya kutazamia, yale ya kweli, yasiyogeuka, hayo sina. Inabidi niazime.

Baba Kunda, haya sasa ni yako. Najua husomi humu, lakini mkeo anasoma, na atakusomea kwa sauti ili apate kukucheka. Unakumbuka ng'ombe wako mweusi, mwaka juzi, alipozaa vibaya? Ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Mikono iliyokuwa ndani ilikuwa yangu, mpaka kwenye kiwiko. Wewe ulikuwa nyuma ya migomba, umenigeuzia mgongo, unaniita Meku, yaani mzee, unauliza, "Meku, ametoka? Meku, anapumua?" Nami nilikujibu kila mara ulipouliza, na nilikujibu ukweli, hata pale ambapo ukweli ulikuwa "bado, na sijui." Uliniambia siku ile kwamba una deni la fadhila kwangu. Sijamwambia mtu kwamba ulijificha. Sasa nimewaambia wote, samahani, lakini ilibidi waelewe.

Njoo Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu. Mbege itakuwepo, nitaionja mbele yako. Utakaa kwenye kiti changu, kile chenye mto. Utamtazama namba sabini na mbili peke yake, mwingine yeyote usimwangalie hata akiruka angani na lile papai. Mimi nitakuwa nje kwenye migomba, dirisha wazi. Kila nitakapowasikia watazamaji wa uwanjani wakinyamaza, nitakuuliza, "Ameinuka?"

Akiinuka, sema ameinuka. Asipoinuka, usinitanie, Baba Kunda. Mara moja tu katika maisha yetu, usinitanie. Niambie, nami nitaingia ndani.