Nafasi ya Filagro Kwenye Kwaya

Athene, tarehe tano, mwezi wa Poseideoni

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni juu ya kifua chako na moshi wa hayo makaa unayochoma. Nimechaguliwa kwenye kwaya ya tanzia, sikukuu ya mungu Dionisio! Tuko kumi na watano, tunavaa barakoa na magauni, tunaigiza vikongwe wa mjini. Na sheria unaijua: mwanakwaya haendi vitani.

Mfalme wetu wa mchezoni si mtu mbaya, baba. Anakosea mara moja tu, kwa kiburi, mambo yanampindukia, na akija kujua keshachelewa. Mwalimu anasema tanzia yote ni hiyo.
Mwanao, Filagro

Akarne, tarehe kumi na mbili

Mwanangu,
Salamu. Nakohoa, lakini bado nipo. Tangu mama yako afariki nakula peke yangu, hata mbuzi amechoka na hadithi zangu.

Habari zako zimefika, kwangu na kwa majirani. Diokle, mwenye wana wawili kwenye merikebu za vita, kaniuliza kisimani mbele ya watu: "Eti, binti yako anaolewa lini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi kwa umri wako nilivuta kasia! Nimemwandikia tajiri anayeigharamia kwaya yenu akufute. Nenda ukajiandikishe vitani.
Baba yako

Pireo, tarehe ishirini, mwezi wa Gamelioni

Baba,
Shikamoo. Nimetii. Nafasi yangu kapewa fundi viatu asiyejua kuimba, masikini. Kesho tunang'oa nanga. Humu kila mtu ana mwenzake, mimi naimba kimoyomoyo. Sina kinyongo, ila ungeniuliza kwanza.

Nenda kaitazame ile tanzia kwa niaba yangu.
Mwanao

Athene, tarehe kumi na tatu, mwezi wa Elafebolioni

Mwanangu,
U hali gani? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Leo nimeitazama. Maelfu ya watu, nami sina hata wa kumega naye mkate. Vikongwe walipomsihi mfalme, nilipayuka: "Sikiliza, mpumbavu wewe!" Watu wakanivuta nguo nikae. Kisha akaingia mjumbe, akasimulia mwana wa mfalme alivyokufa.

Kosa ni langu, Filagro. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kukupoteza. Nitakwenda kwa jemadari mwenyewe kukuombea urudi. Niandikie neno moja tu.
Baba yako

Akarne, mwezi wa Maimakterioni

Filagro mwanangu,
Sikuulizi hali. Merikebu yenu ilizama siku mbili kabla ya sikukuu. Nilipokuwa nakuombea urudi, ulikuwa umeshakwenda.

Leo mji umewazika wafu wa vita. Mifupa ilibebwa kwa masanduku kumi, moja kwa kila kabila, na nyuma yake kitanda kitupu, kimetandikwa vizuri, cha wale ambao bahari haikuwarudisha. Nilikifuata hicho. Diokle akanishika mkono: "Pole, ndugu yangu. Amekufa kiume." Nikamwambia, "Alikuwa na ruhusa ya kuishi. Niliyeomba ifutwe ni mimi." Akauachia mkono wangu taratibu, akaenda kutembea na wanawe, waliorudi wazima.

Nimerudi nyumbani, nimekuandikia. Mchukuzi wa barua yuko mlangoni, anauliza hii inakwenda wapi.
Baba yako