Zamu ya Nancy

Busale, Kyela
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Dada Kisa,

Ndaga, dada yangu. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimetulia. Shemeji Raphaeli naye anaendeleaje huko Mbeya? Ameshamaliza kuezeka banda la kuku? Sisi huku tunalala na kuamka. Mpunga umeanza kutoa masuke na mvua haijatuachia.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu wewe hulia, mimi hunyamaza, salio likaisha hatujasema kitu. Ndiyo maana nimempa Anyisile, kondakta wa Kosta, akuletee hii pamoja na mchele kidogo.

Tangu tumzike Marta wangu sijalia, dada. Watu wananisifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza. Unajua mguu ukiukalia vibaya ukafa ganzi? Unauona ni wako, unaushika, lakini wenyewe hausikii. Ndivyo nilivyo. Nakula, nalima, kwaya naimba besi yangu kama zamani, na wanakwaya wanasema sijakosea hata wimbo mmoja.

Tulipomaliza matanga uliomba nikupe mtoto mmoja ukamlee, kwa kuwa nyumba yako haina mtoto na mwanamume peke yake hawezi watatu. Ukoo wote ulikubali. Nami nilikubali. Ukasema nichague mwenyewe.

Basi nikaanza kutoka na mtoto mmoja mmoja siku za Jumamosi, wawili wakibaki kwa jirani yetu Mama Tusajigwe.

Wa kwanza alikuwa Jubilate. Tulikwenda shambani kuamia ndege. Wewe unamjua, nyumbani ukimwuliza jambo anajibu kwa kichwa. Kumbe akiwa peke yake hanyamazi! Alinieleza habari za darasa la tatu zima, nani kaketi na nani, mwalimu yupi anasinzia, na jinsi alivyogombana na rafiki yake kwa ajili ya rula. Kila baada ya muda ananiuliza kama nasikia. Namwambia nasikia. Jua lilipokuwa kali alikaa kivulini mwa migomba akasema nyumbani haongei kwa sababu wadogo zake wana maneno mengi, na mtu mmoja lazima anyamaze ili mama apumzike. Alisema hivyo hivyo, mama apumzike, kama vile Marta yuko ndani amejilaza.

Gwamaka alitaka kuona meli, nikampeleka bandarini Itungi. Huyo ndiye wa kelele, anayepanda juu ya kila kitu. Nilijiandaa kumkimbiza siku nzima. Badala yake alishika shati langu na hakuliachia. Meli ilikuwepo, hakuiangalia. Tulipokaa ukingoni akaniuliza, "Baba, ningekwenda mimi bombani, mama asingeanguka?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza kwamba asubuhi ile mama yake alimtuma maji, akakataa, akakimbilia mpira. Marta akachukua ndoo mwenyewe. Mtoto wa miaka sita alikuwa amelibeba hilo tangu msiba, na mimi nalala naye chumba kimoja. Nilimwambia daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, na ungepasuka hata kama mama angekuwa kitandani. Nilimwambia kwa sauti ile ile ninayomtajia mnunuzi bei ya kakao. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Halafu akasema ana njaa, anataka andazi.

Nancy nilikwenda naye Ipinda sokoni. Hakutaka kubebwa, wala hakutaka soda. Alitaka nichuchumae naye tuangalie vifaranga vya mama mmoja muuzaji. Tulichuchumaa mpaka magoti yakauma. Nikisimama, ananivuta suruali nirudi chini.

Sasa dada, nikwambie nisichoweza kukwambia kwa simu. Zile Jumamosi sikuwatoa watoto kwa mapenzi. Nilikuwa natafuta yupi naweza kuachana naye. Nikamchagua Nancy, kwa kuwa ni mdogo na atatusahau mapema. Kule Ipinda nilikwenda kumnunulia viatu vya safari.

Na siku ile uliyomngoja stendi nikakupigia kwamba ana homa, hakuwa na homa. Tulifika hadi kwenye gari. Begi lake lilikuwa limeshafungwa juu ya keria. Alikuwa anarukaruka na viatu vyake vipya, nikamwuliza kama anajua anakwenda wapi. Akasema, "Ni zamu yangu. Tunakwenda wawili tu." Nikamwuliza zamu gani. Akanieleza kama anayemfundisha mtu mzito wa akili: Jubilate amesema sasa ndivyo tunavyoishi, kila mtu ana siku yake na baba, na zikiisha zinaanza upya.

Mimi sikuwaambia neno. Walipanga wenyewe.

Nikamwomba Anyisile ashushe begi. Akauliza kama mtoto anaumwa, nikasema ndiyo. Hata hapo sikulia. Nililipokea, nikaitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine.

Dada, Nancy simtoi. Wala Jubilate, wala Gwamaka. Nimekudanganya mbele ya shemeji na nimekunyima ulichoahidiwa na ukoo. Ukikasirika ni haki yako. Sijui ganzi hii itaisha lini, na siwezi kukuahidi kwamba ninawalea vizuri. Ninachoweza kwa sasa ni kumchukua mmoja, kwenda naye mahali, na kumsikiliza. Nawe shule zikifungwa njoo, tafadhali. Kaa nasi utakavyo, uwe na siku zako na kila mmoja wao. Gwamaka hasa anahitaji mtu anayeweza kulia naye.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote waliotuchangia kwenye msiba. Waambie ndaga fijo, tunashukuru sana. Mama Tusajigwe anakusalimu. Watoto nao wanakusalimu. Jumamosi hii ni ya Jubilate. Nilimwuliza anataka twende wapi, akasema popote, ila safari hii nami niongee.

Ni mimi mdogo wako,
Edwin