Radio ya Asani haifike Dilolo

Cité Musonoi, Kolwezi
Tarehe 9 ya mwezi wa sita, 2024

Mupendwa shemeki yangu, Tata Kabemba, kule Dilolo,

Jambo sana. Uko namna gani na bibi yako, Mama Godelieve? Ule mugongo ulipona? Batoto banasoma? Mi niko nasimama, ni Mungu tu. Shekina, mutoto wetu, iko muzima. Baridi imeanza. Vumbi ya mashimo ya madini inaingia mupaka mu sahani.

Usicheke mwandiko yangu. Naandika mi mwenyewe. Hii neno haifae mutu mwingine aandike.

Kaa chini kwanza. Muite Mama Godelieve akae pembeni yako.

Dada yako Domitille amekufa. Tension, damu ya kupanda, ilimupiga mu soko, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, mu mikono ya Mama Tshibola, jirani mwenye alikuwa anauzisha naye mihogo. Kufika ku hospitali, ilikuwa imeisha. Tumemuzika. Weye haukukuwako.

Nakujua, utauliza: mulikosa hata mutu wa kunitumia? Njo hapo nakuya.

Numero yako nilipiga mupaka vidole bikachoka. Ule mwanamuke wa mu telefone anasema tu numero haiko. Lakini sikuogopa, ju tulikuwa na radio.

Asani anatengenezaka matelefone hapa ku kona. Mu chumba ya nyuma alikuwa na radio ya kutangaza, bila mukanda, ile karatasi ya ruhusa ya Serikali. Mu Kolwezi zilikuwa nyingi za vile. Antene nilimupandishia mi, na bomba ya chuma. Kila siku anasema: "Basikilizaji betu ba Dilolo, jambo!" Sisi bote tuliamini. Domitille kupita bote. Kila siku ya Mungu alienda kukusalimia mule. "Kabemba, kata ndevu, unafanana na mbuzi ya chef wa kijiji!" Batu banacheka. Akirudi ananiambia: "Yaya Kabemba anasikia. Hajibuke tu, yee njo vile."

Njo tangazo ya kifo nilipeleka kwa Asani. Alisoma asubui, midi na mangaribi, siku ine. Jina yako alitaja ya kwanza.

Ile asubui ya kwanza Hamadi, mwenye lori, alikuwa anaenda Dilolo. Alisimamisha lori hapa kwetu, kilio imejaa.

"Tata Kisimba, niandikie hata kamukanda kadogo, nitamupatia shemeki yako."

Nikamujibu: "Enda tu. Radio inakimbia kupita lori yako."

Shemeki, mi njo nilisema vile. Lori ni siku mbili. Mu morgue, nyumba ya kulaza bafu, dada yako alikungoja siku ine.

Desturi unaijua. Sanduku haifungwe kama kaka ya mufu hajafika. Siku ya tano ba morgue bakasema inatosha. Tukafunga. Batu bakaanza: "Bashemeki bako bamekutupa." Kichwa ikaniwaka. Ku kaburi nikasema na sauti, bote banasikia: "Kabemba si ndugu. Amesikia, amekataa dada yake."

Kisha juma moja nikakamata karadio ka Domitille, nikafuata njia ya Dilolo na miguu, nisikie inafika wapi. Asani anaongea mu mukono yangu. Kupita barrière ya pili, pale banafungaka njia, akaanza kukwaruza. Ku daraja, kimya. Hata saa mbili za miguu hazikufika, shemeki. Nikakaa pale pembeni ya njia. Malori banapita.

Nikarudi nikamuuliza Asani. Akaangalia chini. "Tata, nilikuwa nasema tu vile ju radio yangu ionekane kubwa." Sikumupiga. Alikuwa analia.

Juma ilifuata, batu ba Serikali bakakuya kufunga radio zote zenye hazina mukanda. Bakauliza nani anajua kupanda. Nikapanda mi, nikashusha antene. Batu banapiga kelele: "Kisimba, umetuuzisha! Uliweka weye, unaondosha weye!" Bao banalilia radio. Mi nalilia bibi.

Sasa sikia. Kitambaa nyeusi ya bujane iko ku mukono yangu. Kaka ya mufu njo anaikataka. Mama Tshibola anasema mukubwa yeyote akate, iishe. Nimekataa. Kama utakuya, ukate weye. Kama roho yako inakataa, kuya tu ku kaburi, mi nitasimama mbali. Simenti sijamwanga. Nimeacha bulongo ya kaburi wazi, utupe yako konzi moja ya udongo.

Hamadi njo analeta hii barua. Atalala kule siku mbili, lori yake inarudi na nafasi.

Ile neno nilisema ku kaburi, nimepita nyumba kwa nyumba kuitosha mu masikio ya batu. Bote balikuwa kule nimebaambia: nilisema bongo, uongo mutupu, Kabemba hakusikia kitu. Wengine banafunga mulango. Nabisha tena. Zote nimemaliza. Ilibaki nyumba moja, ni yako.

Musalimie Mama Godelieve, Ngoy na Abigaëlle. Shekina anamusalimia mujomba wake. Mungu akushike mukono wakati unasoma hii.

Mi shemeki wako, nakupenda hata ukinifukuza,

Kisimba