Kahawa ya Baba Itamlipa Wakili

Jumanne, 12 Agosti
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nikashuka Moshi mjini. Mahakama imenithibitisha: mimi Sekunda ndiye msimamizi wa mirathi ya baba. Mwanamke! Pingamizi la mdogo wangu Severini limetupwa. Nimepita sokoni kifua mbele, nikajinunulia kanga bila sababu. Imebaki ada ya wakili.

Jumamosi, 16 Agosti
Kikao cha ukoo. Severini hakuniamkia. Tangu tuzike baba haniamkii. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haijazunguka, kaanza: "Wewe ndiye uliyemtafuta wakili, mlipe mwenyewe." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nimerudi nimevimba. Kwani nimesimamia duka langu?

Alhamisi, 21 Agosti
Wakili kanielewesha. Gharama halali za kusimamia mirathi hutoka kwenye mirathi yenyewe, kabla ya kugawana. Si mfukoni kwangu. Nimepanda mlima nikiimba.
Jioni Severini kapiga simu, sauti laini. Anasema basi tuuze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, kando ya barabara, mnunuzi anaye. Hapo ndipo walipolala baba na mama! Nimelia kwa hasira.

Jumapili, 24 Agosti
Baada ya misa nimewaita wote. Nimesema kahawa ya baba imeanza kuiva, nayo ni mali ya mirathi. Itamlipa wakili. Ardhi haiguswi. Anayetaka mgawo aje achume.
Baba mdogo Kornelio akacheka: "Huyu ni baba yake mtupu."
Najisikia mrefu leo.

Jumatano, 17 Septemba
Mgongo umekufa. Kuchuma, kumenya, kuanika. Severini hajaonekana. Namchukia.

Ijumaa, 26 Septemba
Mvua ya ghafla, kahawa yote ikiwa vichanjani. Nimepiga kelele. Aliyekuja mbio na turubai ni Severini. Tumefunika pamoja. Haikulowa.

Ijumaa, 24 Oktoba
Chama cha msingi cha wakulima kimelipa kahawa. Wakili naye kalipwa, risiti nimewaonyesha wote. Kinachobaki ni cha kugawana. Kihamba ni kilekile, mpaka kwa mpaka. Nimefanya mimi hili. Narudia: mimi.

Jumapili, 2 Novemba
Siku ya Marehemu. Padri kabariki makaburi. Nilikuta yamefyekwa tangu alfajiri, Severini kasimama kando na panga lake.
"Shikamoo, dada."
"Marahaba."
Tumekula ndizi pamoja. Kisha nikaenda kukamua.