Kile Kipande Nilichokisugua kwa Majivu

Basi Konso mwanangu, pale nilipoishia juzi ni kwamba jirani yetu Mama Josia kagombana na kwaya nzima kwa ajili ya sare. Ningekumalizia ucheke, lakini leo nina langu. Unanijua, hapa Kumsenga hakuna siri inayolala kwangu. Hii imelala wiki nzima.

Siku ya kumaliza matanga tulitoa vitu vyako, tukafua, tukaanika, maana hatugawi kitu chenye jasho la marehemu. Kwenye mkoba uliorudi nao kutoka chuoni na ile homa nikakuta kiboksi. Ndani kipande, kidogo kuliko punje ya harage, kimeshikwa na vinyuzi huku na huku. Mimi nikajua utando wa buibui. Yewe! Nikachukua majivu, nikakisugua kama sufuria mpaka vinyuzi vyote vikatoka, kikang'aa. Nikafurahi hata.

Nilisahau ile siku tunachambua maharage, ukaniambia umeme ni vitu vidogo sana, elektroni, kila kimoja kinajizungusha kama pia. Kwamba kwenye hiyo semikondakta yenu, kijiwe kinachopitisha umeme kwa kiasi, ukivisukuma kidogo tu vinaruka, na mmevichongea njia nyembamba jicho haliioni, vikipita humo kule kujizungusha kwake kunageuka. Nikakuuliza, "Kwa hiyo vinacheza ngoma?" Ukasema, "Ndiyo mama, tunamtafuta anayepiga." Tukacheka mpaka ungo ukamwagika.

Basi kesho yake baada ya kukisugua akapiga simu Zawadi, yule mliyekuwa mnapima naye vipande huko chuoni. "Mama, vipande vingine vyote vilikufa. Kinachopitisha ni hicho alichoondoka nacho Konso. Nikikipima namalizia kazi yake, itoke na jina lake. Usikiguse hata kwa kidole." Nikamwambia kipo. Sikudanganya, kipo. Jana kalala Kasulu, leo yuko njiani.

Nimewaza niseme kimepotea msibani, watu walikuwa wengi. Kwa mdomo wangu huu angeamini. Lakini ataanza kumtafuta mwizi, na mwizi atakuwa mtoto wa mtu. Jina lako ndilo nimelisugua, mwanangu. Kwa mikono hii hii iliyokuogesha mara ya mwisho.

Nakuahidi sitamficha. Nitamwekea kiganjani, nimwambie na majivu yote. Lala mwanangu, mama yangu mdogo. Nilitaka pia nikwambie ile miche yako ya parachichi...

Wananiita huko nje. "Mama Konso we! Mgeni kafika, hata kukaa hataki, anauliza kiboksi!"

Natoka nacho.