Benchi la Mbele la Bukavu

Dada Felisita,

Muko wazima huko Kalehe? Wewe unayesukuma watu kila misa ili ukae mbele, karibu na Yesu, hapa Bukavu ungelia. Leo, sikukuu ya Ekaristi, katekista alinizuia: “Nyuma, ndugu, mbele ni kwa Wazungu.” Nikasimama mlangoni, jua likinichoma mgongo, nikionea wivu kila kofia ya kule mbele. Misa ikaisha, padri akainua Ekaristi kuanza maandamano ya nje, akageuka, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu! Yesu katika Ekaristi ile alipita karibu sana hata joho la padri likanigusa mukono. Maombi yote niliyotayarisha yakanitoka kichwani, nikataja jina lako tu.

Basi usijivune. Nisalimie Mama.

Kaka yako anayekukumbuka,
Deo